Namna ya Kuziba Oili Inayovuja Bila Kumsumbua Fundi

Kwanza hongera kwa kuwa na gari la zamani. Katika zone ya afya ya Lusangi, na kote kati ya Kasongo na Kabambare, mzigo husafiri kwa baiskeli na pikipiki. Mwenye gari, hata kama haliwaki, ni mtu wa kuamkiwa. Kama gari lenyewe ni Land Rover ya Series, aina iliyoanza kuundwa Uingereza mwaka 1948 na kukoma 1985, au Land Cruiser kuukuu iliyoachwa na mradi uliokwisha zamani, basi una mali mbili: gari, na doa jeusi chini yake. Hilo doa ndilo la leo.

Jifunze kwanza kulitetea. Wenye Land Rover duniani kote wana jibu lao la siku zote: siku likiacha kuvuja, ujue oili imeisha. Jibu hilo litakufaa kwa wageni na kwa mashemeji. Halitakufaa asubuhi utakapokuta kopo la nyanya ulilotega usiku limejaa. Siku hiyo ndiyo ya kutafuta chupa.

Chupa ninayosema ni ile dawa ya kuziba, inayomiminwa penye kofia ya oili. Hufika kwetu kutoka Bukavu au Uvira, mara nyingine kwa ndege hadi Kindu, kisha hupanda pikipiki pamoja na sabuni na betri za redio. Lebo yake imeandikwa lugha tatu, na hakuna hata moja inayosomwa na anayekuuzia. Usiisome na wewe. Ukiisoma utagundua kwamba dawa hii ina ugonjwa wake mmoja tu, na hapo furaha yote itakutoka.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Nyuma na mbele ya krenki kuna sili za mpira, zile ambazo mafundi wetu huita joenti spi. Oili ya moto ikiziogesha miaka ishirini, mpira hukauka na kukakamaa, na mdomo wake haukigusi tena chuma sawasawa. Ndani ya chupa mna kemikali inayopenya kwenye mpira, ikaulainisha na kuuvimbisha kidogo, mdomo ukarudi mahali pake. Aina nyingine haziponyi chochote. Huifanya oili iwe nzito tu ili ipite kwa taabu. Ile ya kwanza ni sayansi ya kweli, na kwa mpira uliokakamaa inasaidia.

Lakini gasketi ya karatasi haivimbi. Ya koki haivimbi. Sili za kamba za injini za zamani zaidi hazivimbi. Bolti iliyolegezwa na mashimo ya barabara haijali kemia, na sampu iliyopasuliwa na jiwe inataka kuchomelewa. Yasikukatishe tamaa hayo. Mimina dawa kwa kila uvujaji, kama nesi anayegawa kwinini kwa foleni nzima, mwenye homa na aliyevunjika mguu.

Atatokea fundi, mara nyingi kijana mwenye adabu, akuambie: “Papa, tuoshe kwanza moteri, ikauke, tunyunyizie unga, tuiwashe kidogo. Penye kulowa unga ndipo panapovuja.” Mkatalie. Ni kweli kwamba unga wa muhogo huonyesha tundu vizuri sana, tena kwa dakika chache. Lakini unga ni wa bukari, na ukishajua oili inatoka wapi utalazimika kufanya kitu. Tena oili ya juu huteremka na upepo huisukuma nyuma, kwa hiyo huenda likatokea jambo la aibu: uvujaji uliodhani ni wa krenki ukaonekana ni wa kifuniko cha valvu, kazi ya spana moja na gasketi. Nani anataka kuaibishwa na unga?

Sasa kipimo. Kuna chupa moja ya Kijerumani ya mililita 300, iliyokusudiwa oili ya lita 3 hadi 4. Land Rover ya silinda 4 hunywa kama lita 6, kwa hiyo hesabu inataka chupa mbili. Wewe weka nne. Mpira uliozidishiwa dawa huvimba kupita kiasi, hulegea, halafu mdomo wake huliwa na chuma kinachozunguka. Tone lililokuwa likidondoka kwa dakika linakuwa mfereji. Hilo lisikutishe, maana gari utakuwa umeshamuuzia mtu wa Kasongo, likiwa kavu na limeoshwa kwa Omo.

Chupa hiyohiyo inasema matokeo huonekana baada ya kilomita 600 hadi 800. Aliyeandika hivyo ana barabara. Sisi tuna safari ya Kindu. Kutoka Kasongo hadi Kindu ni zaidi ya kilomita 200, kwa hiyo dawa itaanza kufanya kazi ukienda Kindu, ukarudi, kisha ukaenda tena. Wakati wa masika ongeza siku za kulala matopeni, siku za kungoja daraja la magogo litengenezwe, na ile jioni konvoyeri, msaidizi wa dereva, anapokwenda kijijini kuomba majembe. Njiani utaongeza oili, maana inavuja. Kila unapoongeza, dawa inachujuka. Dawa ikichujuka unanunua chupa nyingine, na hesabu ya kilomita 600 inaanza upya. Sijaona biashara iliyopangwa vizuri kuliko hii, na mwenye duka anakuita ndugu kwa haki.

Akitokea wa kubeza, msimulie habari za Nautilus, ile nyambizi ya Marekani ya nguvu za nyuklia. Mwaka 1958, kabla ya kwenda kupita chini ya barafu ya Ncha ya Kaskazini, ilikuwa na uvujaji kwenye kondensa ambao mafundi wa jeshi walishindwa kuupata. Mabaharia walivua sare, wakaingia maduka ya vipuri vya magari mjini Seattle, wakanunua makopo 140 ya dawa ya kuziba rejeta. Walimimina kama nusu yake, uvujaji ukakoma, na tarehe 3 Agosti nyambizi ikafika Ncha. Kisa hiki ni cha kweli, nacho kitamnyamazisha kila mtu barazani isipokuwa yule kijana fundi. Atasema: “Lakini Papa, ile ilikuwa ya maji, si ya oili.” Ni kweli pia. Dawa ya rejeta huziba kwa chembe zinazojikusanya tunduni, na ukiitia kwenye oili chembe hizohizo zitakwenda kuziba chujio na njia za kulainishia krenki. Mwambie aache kiburi cha shule.

Fedha ikiwa haba, kuna dawa za kienyeji. Sabuni ya mche ukiisugua kwenye tangi la petroli linalovuja inashika kwelikweli, kwa sababu petroli haiyeyushi sabuni. Itakufikisha kwako, ilimradi usivute sigara. Kwa kuwa inafanya kazi, haina nafasi katika mwongozo huu. Inayotufaa ni ya mafuta ya breki. Wapo wanaomimina kikombe chake kwenye oili, na siku za mwanzo utashangilia: mpira unavimba, chini kunakauka. Mafuta hayo hayakutengenezwa kwa mpira wa injini, huuharibu polepole, na huitibua oili inayolinda beringi. Ukiwa na haraka ya kupata injini mpya, sijui njia fupi kuliko hiyo.

Na hapa nataka kukaa kidogo kwenye kizibo cha chini ya Land Rover, kwa sababu kimewaumiza watu wengi. Land Rover ina tundu dogo chini ya nyumba ya flaiwili. Limewekwa makusudi: sili ya nyuma ikivuja, oili idondoke nje badala ya kulowesha klachi. Kiwandani walitoa kizibo cha kuskurubu, cha kufungwa unapovuka maji marefu na kufunguliwa ukishavuka. Mwenye gari wa kwetu hukifunga akifika Luama, akaona upande wa pili kwamba doa limetoweka, akamshukuru Mungu, akakiacha humo. Kwa wiki nzima gari halidondoshi hata tone. Halafu, kwenye kilima cha kwanza chenye utelezi, likiwa na magunia ya mchele na mama sita juu yake, moteri inanguruma na magurudumu hayasogei. Oili yote iliyokuwa ikidondoka sasa iko kwenye klachi. Na klachi ya gari hilo hufikiwa kwa kung'oa viti na sakafu, kisha kulitoa boksi la gia kwa juu, kupitia ndani ya kabini. Hakuna chupa ya kumimina hapo. Hata mimi kwenye kizibo sina mzaha: kama umekifunga, kifungue leo.

Limebaki jambo moja, ambalo kwa mwongozo wa namna hii ningepaswa kulificha. Injini kuukuu hupitisha moshi kidogo kutoka silindani hadi chini, kwenye oili. Moshi huo hutoka kwa kipumulio, kilicho kwenye kofia ya kujazia oili au juu ya kifuniko cha valvu. Kwa vumbi letu la kiangazi, kipumulio hujaa uchafu na kuziba. Presha ikikosa njia husukuma oili ipite popote palipo dhaifu, na sili nzima huonekana imekufa. Kukivua ni kazi ya dakika chache, na kukiosha kunataka petroli ya chupa moja kutoka kwa kadhafi wa jirani, yule muuza petroli wa kando ya njia.

Basi kabla hujamtuma mtu wa pikipiki akuletee dawa Kindu, osha kipumulio, kaza bolti, nyunyiza unga. Ikivuja bado, na ukaona ni sili ya krenki, nunua chupa, weka kipimo kilichoandikwa, na uanze kutafuta sili mpya siku hiyohiyo. Yule kijana fundi mlipe mapema. Atakuwa na kazi ya siku mbili, na kung'oa viti peke yake hawezi.