Namna ya Kuibiwa Picha Kariakoo

Ukitaka kuwa mchoraji wa kujitegemea katikati ya Dar es Salaam, usianze na penseli. Anza na dalali.

Dalali wa Posta atakupandisha ngazi mpaka ghorofa ya nne ya jengo la zamani, mtaa wa Zanaki au Mkwepu, kwa sababu lifti inatengenezwa, na karatasi inayosema hivyo imeshapauka. Atafungua chumba ambacho dirisha lake linatazama ukuta wa jirani, atakiita "ofisi tulivu", kisha atataja kodi ya miezi sita kwa mkupuo, pamoja na ya kwake ya mwezi mmoja kwa jasho la kupanda na wewe. Mshukuru, vuka Mnazi Mmoja, ingia Kariakoo. Huko fremu za chini zinagombewa na wauza simu, na kabla ya kodi kuna kilemba, ile fedha isiyoandikwa popote na isiyorudi. Hizo si zako. Wewe utapewa stoo ghorofani, nyuma ya maboksi ya masufuria, joto lipo na jenereta la jirani lipo. Ichukue. Mwizi wa picha zako anafanya biashara hatua chache kutoka mlangoni, na katika kazi hii ukaribu wa mwizi ni jambo la kuzingatia kuliko mwanga wa dirisha.

Usinikunjie uso. Mwongozo huu haukufundishi kuchora, maana hilo unalijua, ama sivyo ungekuwa umeshapata kazi benki. Unakufundisha kuibiwa vizuri, na mji huu una historia ndefu ya jambo hilo. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968: rangi ya baiskeli juu ya vipande vya mraba vya masonite, soko lake likiwa Morogoro Stores kule Oysterbay. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu anayetoroka. Kazi yake yote ni ya miaka kama minne tu. Ndugu na wanafunzi waliobaki wakaendelea na chui yuleyule, madoa yaleyale, na leo chui huyo anaendelea kupanda ndege na watalii. Hakuna anayewaita wezi. Mtu mmoja akikuiga, umeibiwa. Wakikuiga hamsini, umekuwa mtindo. Kwa hiyo lengo letu ni kufika hamsini upesi.

Vifaa visikutie presha. Kanvasi ya dukani imewekewa bei ya watu wanaolipwa kwa dola. Nenda mtaa wa Uhuru, pita katikati ya kanga na vitenge bila kugeuza shingo, kanunue marekani kwa mita. Itandaze kwenye fremu ya mbao uliyochongesha Keko, ipake gundi nyeupe iliyochanganywa na rangi ya ukutani, iache ikauke. Fundi wa fremu atakwambia kesho. Kama wewe ni mchoraji wa kwenye tableti, gharama zako ni luku na bando, na sheria yako ni moja: hifadhi kazi kila unapokumbuka, kwa sababu umeme ukiondoka haupigi hodi.

Sasa, umchore nani? Walimu wa sanaa husema chora unachokijua. Kariakoo inataka uchore inachokijua yenyewe. Mandhari yako ya mitumbwi ya Ferry jua likizama ni nzuri sana, na itabaki ukutani kwako ikiendelea kuwa nzuri. Wenye soko ni wenye sura. Steven Kanumba alifariki Aprili 2012 na watu bado wanamtambua kutoka ng'ambo ya barabara. Diamond Platnumz hahitaji maelezo, ila usikosee mkufu. Tupac na Bob Marley wamezunguka mji huu migongoni mwa daladala na bajaji kuliko konda yeyote mwenye leseni. Mwalimu Nyerere ni wa wateja wenye meza kubwa.

Lakini sura peke yake kila mtu anayo. Uchawi uko kwenye kuchanganya. Mtoe Killmonger kwenye *Black Panther* ya 2018, mvalishe kikoi, mkalishe na kikombe cha kahawa na kashata mbele ya wazee wanaobishana kuhusu usajili wa Yanga. Mfunge Mona Lisa kanga, msimamishe foleni ya mwendokasi Gerezani saa kumi na mbili jioni, halafu mwache atabasamu kama anaweza. Spider-Man mning'inize kwenye nyaya za mtaa wa Msimbazi, na chini yake pasiwe na hata mmoja anayetazama juu, kila mtu anatafuta chaja. Ukifika hapo umeanza kuchora Dar es Salaam, ingawa kwenye stakabadhi utaandika Spider-Man.

Wala usidhani umevumbua. Kabla mashujaa wa Marvel hawajafika vibanda umiza, mji huu ulikuwa na Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory kwenye gazeti la *Uhuru*. Wakaja akina Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge wa jarida la *Sani*, mali ya Saidi Bawji na Nico ya Mbajo, waliokata majina yao vipande na kuyaunga wakapata jina la jarida. James Gayo akaleta Kingo, Masoud akaleta Kipanya. Ukimchora Madenge akipiga selfi na Batman, wanaume wenye mvi watasimama mlangoni, watacheka mpaka washike ukuta, watakusimulia shule ya msingi yote, na wataondoka bila kununua. Wakaribishe, hata benchi wape. Wa kumtazama ni kijana aliye nyuma yao, ambaye hajacheka hata kidogo na anapiga picha kwa simu. Huyo ndiye mwizi wako. Mpe nafasi, asiipige ikiwa imepinda.

Neno kuhusu rangi za nyuma, kwa sababu hapa watu wameumia. Nyekundu na nyeupe ukiwa Msimbazi ni Simba, na mteja wa Yanga hatapanda ngazi zako tena. Kijani na njano ni Yanga pale Twiga na Jangwani. Tena ukizidisha kijani, mwaka wa uchaguzi utaulizwa mengine. Bluu na nyeupe ni Azam. Ukikimbilia zambarau ukidhani umejificha, nayo ina chama. Inabaki kahawia. Wahakiki wakiuliza mbona unapenda kahawia, sema ni udongo wa Afrika.

Kazi za kisanii zitakupa sifa. Nauli utaipata kwa wateja. Mteja wa Posta ana kampuni. Atataka profoma, TIN na risiti ya mashine, na atalipa ndani ya siku thelathini zinazohesabiwa kwa kalenda ambayo haijawahi kutundikwa ukutani. Mteja wa Kariakoo analipa taslimu, ila kwanza lazima muwe ndugu. "Mdogo wangu, hii kwako kazi ndogo tu, si unacheza na kalamu?" Anataka nembo ya duka la vipodozi, na chini yake mwanamke, na pembeni ya mwanamke kontena, na kwenye kontena namba tatu za simu. Ukitaja bei atashika kifua. Ukimtajia kianzio atakwambia atakutangaza kwa watu wake wote wa Congo na Narung'ombe. Jibu kwa adabu: "Shikamoo kaka, matangazo nitayapokea, ila nusu tangulia kuweka."

Picha ya bosi kwa ajili ya sherehe ya kuzaliwa ina kanuni zake. Atakutumia picha iliyopigwa usiku, ndani ya gari, na kukwambia umchore awe kama Idris Elba ila awe yeye. Punguza tumbo, usiguse pua. Pua mkewe anaijua.

Ukikata tamaa, mkumbuke George Lilanga. Aliingia Nyumba ya Sanaa hapa mjini kama mlinzi wa usiku. Baadaye kazi zake zikaoneshwa Ulaya, Marekani na Japan. Kwa hiyo mlinzi wa jengo lako msalimie vizuri kila asubuhi, na rangi zako uzifungie.

Tumefika kwenye wizi wenyewe. Weka picha yako Instagram usiku, watu wakiwa wamelala na fundi wa fulana yuko macho. Siku si nyingi utapita Kariakoo na kumwona Spider-Man wako kifuani mwa mpita njia, akiwa mwekundu zaidi, kazungushiwa maua, sahihi yako imefutwa. Mara nyingine hawafuti, wanaigeuza tu, na jina lako linasomeka kwa kuanzia mwisho. Unayo haki: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi yako tangu ulipoichora, na ukiisajili COSOTA unakuwa na ushahidi mkononi. Sajili kazi zako. Hilo nalisema bila utani. Ila kabla hujapanda ngazi za ofisi yoyote na bahasha yako, jiandae kwa afisa mpole atakayeitazama picha na kukuuliza huyu Spider-Man ni wa kwako toka lini.

Ukishindwa kulijibu swali hilo, nenda mtaa wa Congo ukanunue fulana yako mwenyewe. Usijitambulishe. Uliza bei. Utaambiwa elfu kumi na tano. Taja elfu sita, geuka, tembea polepole, utaitwa kwa elfu nane. Sema kitambaa chepesi. "Chepesi wapi, bosi? Hii orijino, zile feki ziko kule mwisho." Muulize amechora nani. Hatasita: "Jamaa mmoja mkali sana, mtu wangu kabisa. Ukimtaka nakuunganisha, lakini lazima upitie kwangu."

Lipa, mwachie namba yako ya simu. Usiku mmoja utapigiwa na mtu mwenye oda ya fulana mia mbili, atakuuliza kama unaweza kuiga mtindo wa yule mchoraji mkali wa Kariakoo. Mwambie kumuiga yule si kazi rahisi, na utahitaji kianzio.