Mjomba, Usijenge Fremu Kabla Hujasomewa Hii

London

Mjomba, Shangazi, Bibi, na wote mtakaosomewa barua hii hapo barazani,

Mimi mzima. Nakula, ingawa ndizi za huku ni zile za njano tu za kumenya na kumeza, na ukimweleza mtu kwamba ndizi hupikwa pamoja na nyama anakutazama kwa huruma. Mvua ya Uingereza mnayoisikia redioni isiwatie hofu. London inapata kama milimita 600 kwa mwaka mzima. Sisi upande wa Tukuyu tunavuka 2,000, na bado watu wanakwenda kuchuma chai. Huku yakidondoka manyunyu, ofisi nzima inayajadili mpaka saa ya chakula.

Ujumbe wa Mjomba nimeupata. Anasema ana kiwanja kando ya barabara, tofali zimeshachomwa, na anataka kuinua fremu kumi kwa mpigo. Na kwa kuwa mpwa wake sasa "ni mtu wa majengo Ulaya", anataka ushauri. Kwanza niondoe uvumi kabla haujafika Kyela: mimi niko fildi tu. Viza ya mwanafunzi inaniruhusu saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na kutwa nzima chuo kikifunga. Chuo kimefunga, nami nimepata nafasi ya wiki chache kwenye kampuni inayopangisha, kuuza na kuthamini majengo ya biashara. Kwa lugha ya nyumbani, niko kwa madalali.

Wenyewe hawapendi kuitwa hivyo, lakini mimi nimeishi Dar na dalali namjua hata akivaa suti. Yule wa Dar anakwambia chumba kiko dakika tano kutoka barabarani, unatembea mpaka kandambili inakatika. Wa London amechapisha kijitabu chenye picha za kung'aa, kimeandikwa kwamba stesheni iko dakika tatu. Nimetembea njia hiyo. Dakika tatu hizo ni za mtu anayekimbizwa. Dalali wa Dar anachukua kodi ya mwezi mmoja, ambayo ukiigawa kwa mwaka ni kama asilimia 8. Wa London kwa kawaida anatoza asilimia 10 ya kodi ya mwaka wa kwanza. Hizo mbili za juu nadhani ni za tai.

Kazi niliyokabidhiwa ni kupima sakafu kwa kipimo cha leza. Chama cha wapimaji na wathamini wa huku, RICS, kipo tangu 1868, na kimeandika kanuni za kipi kihesabiwe na kipi kiachwe. Vyoo haviingii. Ngazi haziingii, wala lifti. Sehemu ambayo dari yake iko chini ya mita 1.5 nayo haiingii. Bibi, wewe ungepita hapo wima bila kugusa dari, lakini kwa hesabu za huku pale uliposimama si mahali.

Kinachobaki ndicho kinachotozwa, kwa futi ya mraba. Katika majengo bora ya katikati ya jiji, futi moja inavuka pauni 80 kwa mwaka, na pauni moja ni zaidi ya shilingi 3,000. Maana yake, pa kutua debe moja la mahindi ni zaidi ya shilingi 240,000 kwa mwaka, na debe lisitikisike. Nimepiga hesabu ya baraza la Bibi kwa bei hiyo. Sisi ni matajiri wakubwa, tatizo letu ni kwamba hatuna mpangaji.

Hapo, Mjomba, ndipo penye somo lote, nalo nitalirudia hadi uchoke. Lakini kwanza kuhusu umbo la fremu. Duka la huku halithaminiwi kwa jumla, linakatwa vipande kuanzia mlangoni. Futi 20 za kwanza kutoka kioo cha mbele zinalipiwa bei kamili. Futi 20 zinazofuata ni nusu ya bei, na za nyuma yake ni robo. Kadiri unavyoingia ndani ndivyo sakafu inavyopoteza heshima. Wanasomea jambo hili miaka mitatu. Wale mama wa stendi ya Tukuyu hawakusomea popote, lakini wanajua kwamba anayefika wa kwanza dirishani pa basi ndiye anayemaliza mkungu, na aliyekaa nyuma ya choo cha stendi atarudi na ndizi zake. Basi usijenge fremu ndefu zenye giza nyuma ukadhani umeongeza mali. Upana wa mbele ndio unaolipa.

Kodi yenyewe wanailipa kila robo mwaka, tena kabla ya kukaa. Tarehe zake ni za zama za kale: 25 Machi, 24 Juni, 29 Septemba na 25 Desemba. Ndiyo, wazee wa kanisa, mmesikia vizuri. Siku ya Krismasi, wakati nyie mnaimba, mkataba wa London unadai.

Pamoja na ukali huo, mwenye jengo akimtamani mpangaji mkubwa, tuseme kampuni ya mawakili, anamwambia aingie akae miezi mingi bila kulipa, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Baba mdogo wa Mbezi, anayeshika kodi ya miezi sita mkononi ndipo atoe ufunguo, msimsomee sehemu hii. Ana presha. Nimeuliza kwa nini wasipunguze tu kodi. Nikaambiwa kwamba thamani ya jengo inakokotolewa kutoka kwenye kodi iliyoandikwa katika mkataba. Mpe mtu mwaka wa bure, kodi kwenye karatasi inabaki nene, na jengo linabaki ghali. Tena mikataba mingi inasema kodi ikipitiwa upya kila miaka mitano inaweza kupanda au kubaki palepale, kushuka ni mwiko. Mwaka 2025 serikali ilipeleka muswada bungeni wa kukomesha mtindo huo kwenye mikataba mipya. Habari hiyo ikitajwa ofisini, wakubwa wanashusha sauti.

Shangazi, umeuliza kama nimepata mchumba. Bado, ila nimejua wa aina gani wa kutafuta. Mwaka 1677 bwana mmoja aliyeitwa Thomas Grosvenor alimwoa Mary Davies, mtoto wa miaka 12, jambo ambalo leo lingempeleka jela kwa haki kabisa. Mtoto yule alikuja na urithi wa ekari kama 500 nje ya mji, sehemu kubwa malisho na kinamasi. Kwenye ekari hizo leo kuna Mayfair na Belgravia, mitaa ambayo mtu wa fildi anapita kwa miguu bila kugusa kitu. Ukoo wa Grosvenor bado unakusanya kodi huko. Sisi tunahesabu ng'ombe, wenzetu walihesabu matope. Akitokea binti mwenye kinamasi karibu na stesheni nitakupigia simu usiku huohuo.

Hata hao Grosvenor, kwa sheria ya huku, ardhi wanaishikilia kutoka kwa Mfalme, maana mwenye ardhi yote mwisho wa yote ni Taji. Mimi hapo nilijisikia nyumbani. Kwetu miliki ya moja kwa moja aliyoiacha mkoloni ilifutwa mwaka 1963, na Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, zinasema ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Tofauti ni karatasi. Hapa hakuna dirisha lisilo na karatasi yake. Kwa hiyo, Mjomba, kabla ya tofali la kwanza, nenda halmashauri ya kijiji ukaanze safari ya hati ya haki miliki ya kimila. Kusema "kila mtu anajua hapa ni kwetu" ni ushahidi mzuri mpaka siku hao kila mtu watakapokufa.

Sasa majengo yenyewe. Wameyajenga kwa mabilioni kisha wakayapa majina ya jikoni. Liko la tango la achari, Gherkin, ambalo tangu 2014 ni mali ya ukoo wa Safra, matajiri wa benki kutoka Brazil. Liko la kukwangulia jibini. Na liko lile wanaloliita Walkie Talkie kwa kuwa limefanana na redio ya polisi. Hilo ukuta wake wa vioo umebonyea, na kiangazi cha 2013, kabla halijakamilika, lilikusanya jua likalimwaga mtaani mpaka likayeyusha sehemu za Jaguar iliyoegeshwa chini. Mwandishi wa habari akaja na kikaango, akakaanga yai kwa mwanga wa jengo. Mngedhani baada ya hapo halitapata mnunuzi. Mwaka 2017 lilinunuliwa kwa pauni bilioni 1.28, na wanunuzi ni Lee Kum Kee wa Hong Kong, watu waliopata utajiri kwa kuuza mchuzi wa chaza wa chupa. Shangazi, pilipili yako ya chupa unayoidharau, idharau ukijua hilo.

Kwa nini walilipa? Si kwa uzuri. Walilipa kwa sababu ndani mlikuwa na wapangaji waliofungwa na mikataba mirefu. Jengo la biashara ni mtu anayelipa, kuta ni kifungashio.

Na mtu asipokuwepo? Hapa ndipo nawaomba mkae vizuri. Jengo la ofisi likikaa tupu kwa miezi mitatu, mwenyewe anaanza kudaiwa ushuru wa jengo kwa ukamilifu. Lakini majengo ya kilimo yamesamehewa ushuru huo. Basi wakatokea wajanja, magazeti yameandika na halmashauri za London zimelalamika, wanaoingiza masanduku ya konokono kwenye ofisi tupu na kudai kwamba pale ni shamba. Konokono. Ghorofani. Katikati ya London. Hadithi hiyo ilipozungumzwa kazini, meza nzima ilinigeukia mimi, mtoto wa wakulima, wakitaka kujua konokono hula nini. Nikawaambia kwetu Rungwe konokono hafugwi, anafukuzwa kwenye mboga. Tangu siku hiyo maoni yangu yanaulizwa vikaoni.

Ofisi tupu ni nyingi kwa sababu tangu korona watu wengi wanafanyia kazi nyumbani siku kadhaa za wiki, na Ijumaa unaweza kusikia lifti ikihema peke yake. Isitoshe, tangu Aprili 2023 jengo la biashara linalovuja joto kupita kiwango kilichowekwa haliruhusiwi kupangishwa bila kibali cha pekee. Majengo ya miaka ya 1980 yanaitwa mazee, yanabomolewa mengine hata hayajafikisha umri wa Mjomba. Niliwaeleza kuhusu boma la Wajerumani pale Masoko, la mwaka 1912 hivi, mawe yaleyale, ambalo kutoka kambi ya askari likaja kuwa mahakama bila kuvunjwa. Mkuu wangu akauliza kodi yake ni kiasi gani kwa futi. Sikumwambia kuhusu hela za Kijerumani tunazoambiwa zimezama katika ziwa la hapohapo Masoko, asije akapanda ndege.

Basi Mjomba, ushauri wangu ni huu. Usijenge fremu kumi. Kabla ya msingi, tafuta watu watatu watakaolipa: mwenye duka la dawa, wakala wa pesa za simu, fundi cherehani, na uwe umewaandikisha. Jenga tatu, pana mbele. Wakijaa, ongeza mbili. Fremu kumi zenye wapangaji watatu ni banda la konokono lenye milango saba.

Limebaki la binamu yetu ambaye simtaji kwa kuwa najua amekaa hapohapo anasikiliza. Ataomba fremu moja "ajishikize" bure, na wewe kumnyima huwezi. Waingereza wana dawa. Mikataba yao ya tangu zamani imejaa kodi ya punje moja ya pilipili manga kwa mwaka, na sheria iliyoanza 30 Juni 2022 imeifanya hiyo ndiyo kodi ya juu kabisa ya ardhi kwenye mikataba mingi mipya ya muda mrefu ya nyumba, England na Wales. Pilipili yenyewe haina kazi. Kinachofanya kazi ni kwamba anayeileta amekubali mbele za watu kwamba nyumba si yake. Mwandikishe binamu mbele ya mwenyekiti wa kijiji: punje moja, kila 25 Desemba, baada ya ibada. Na iwe nzima. Akileta ya kusaga, mkatae.



Mpwa wenu, dalali wa likizo