Gari la Kazi, Gari la Ukoo

Fundi wa mabomba wa Bomet akipata hela ya kununua gari la kazi, washauri humjia wengi kuliko mvua ya Aprili. Mmoja atamsifia Noah, eti ina nafasi. Kweli inayo, hasa ya mashemeji waendao kutoa mahari Ndanai. Mwingine atasema Subaru. Bomba la futi ishirini litakaa wapi, hilo halimhusu.

Mwenye akili hurudi kwa Toyota Probox, iliyotoka Japani mwaka 2002 ikiwa gari la makampuni. Waliolibuni waliliandikia kilo 400 za mzigo na watu wawili. Ah, Wajapani na hesabu zao! Kati ya Silibwet na Mulot, watu wawili ni wale wanaokalia kiti cha dereva.

Spea zake zipo hata Sotik, na makanika wa kando ya barabara huujua ugonjwa wake kwa kuisikia ikikohoa. Lakini kabla hujatoa pesa, chungulia springi za nyuma. Zikiwa zimelala, hilo lilikuwa matatu, hata muuzaji aape kwamba lilikuwa la mwalimu wa kike aliyeliendesha Jumapili tu. Sheria huzuia kuingizwa nchini gari lililozidi miaka 8. Yaliyozeekea hapa hapa hayana wa kuyahoji.

Ukishanunua, andika jina la biashara ubavuni, na namba ya simu kwa tarakimu kubwa. Wateja watakuja wakipenda. Jirani mwenye magunia ya majani chai atapiga saa kumi na moja alfajiri.