Mbwa Amewekwa Chini

Juzi asubuhi bosi wangu, Mwingereza, aliingia ofisini macho mekundu. Mbwa wake kikongwe, yule aliyezoea kumbeba kifuani kama kichanga, hakuwa naye. "We had to put him down," akasema. Nami, kwa uchangamfu wa mtu anayewinda nyongeza ya mshahara, nikamjibu kwa Kiingereza safi kwamba afadhali, maana alikuwa mzito mno, sasa atembee mwenyewe.

Kimya. Mhasibu akaninong'oneza: mbwa kachomwa sindano ya kufa.

Lakini "put" si ni weka? Na "down" si ni chini? Kila neno peke yake lina adabu zake, yakikutana, yanaua. Nimekesha na kamusi siku mbili. "Put down" ni kuweka chini, ni kumdhalilisha mtu mbele za watu, ni kuzima uasi, ni kulipa arbuni, na (hapa niliinuka nikanywe maji) ni kumlaza mtoto. Mtoto na mbwa, tamko lile lile! Tena lenyewe linapasuka katikati: "him" sharti aingie ndani, "put him down", ukimweka nje umekosea. Haya, kwenye "look after him" ukimwingiza ndani, umekosea pia. Samuel Johnson alikiri kwenye dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755 kwamba aina hii ya vitenzi ndiyo inayowatesa wageni kuliko yote. Alijua, akatuachia hivyo hivyo.

Sisi mambo yetu tunayamaliza tumboni mwa kitenzi: lala, laza, lalia. Ni kweli "piga" yetu nayo ina vituko, ila ukisikia picha, simu au chafya, angalau umeshajua kinachopigwa.

Kengele ya moto nayo, nilipoambiwa "has gone off", nilidhani imezimika. Nikabaki ghorofani peke yangu.

Shuleni tulichapwa kwa kujaza "on" palipotakiwa "off", na mwalimu hakutueleza kwa nini, kwa kuwa naye alikariri. Bosi ana miaka 9 hapa Arusha. Kiswahili chake ni "jambo" na "hakuna matata", na kila akitamka anapigiwa makofi. Mimi nimeteleza kwa maneno mawili ya kwao, naitwa mtu asiye na utu.

Leo, Jumatatu, kaniandikia ujumbe kuhusu kikao: "I've put you down for Thursday."

Mhasibu anasema ni jina tu limeandikwa. Nimemwomba aangalie tena.