Geti la Kijivu Kilichokoza

Mkaazi wa Umoja, Nairobi, ameridhika tangu zamani na akali ya majina ya rangi, wala hajapata kupungukiwa. Ilhali tarakilishi, ambayo haina macho, yajua rangi 16,777,216, na kila moja imeipa nambari ya tarakimu sita, mbili za wekundu, mbili za ukijani na mbili za ubuluu, ikihesabu kwa kumi na sita na kuazima herufi A hadi F pale tarakimu zinapoisha. Nambari hizo ni sahihi mno, lakini hakuna awezaye kuingia duka la hadiwea pale Mutindwa akaagiza kopo la A8AAAA bila kuulizwa kama ameamka salama.

Kwa sababu hiyo jirani yetu wa ghorofa ya juu, kijana mwenye kazi ya kuandika programu, alitunga moja ya kuzigeuza nambari kuwa majina: huichukua nambari, huupima umbali wake na majina 148 yanayotambuliwa na vivinjari vya intaneti, yakiwamo nyanya, chokoleti na hata nchi ya Peru, kisha hutangaza lile lililo karibu kupita yote.

Mwenye ploti, mzee wa taadhima aishiye mashambani na kututawala kwa simu, alipendezwa na geti moja la Donholm, la kijivu hafifu, akataka letu lifanane nalo, akamtumia kijana picha yake na maneno haya: “Kijana wangu, mwambie fundi hii ni rangi gani.” Programu ikasoma A8AAAA, ikapiga hesabu, ikajibu: kijivu kilichokoza. Kijana akalifikisha jina kwa uaminifu. Fundi naye, ambaye hakuonyeshwa picha, akaizidisha nyeusi ndani ya nyeupe kwa uaminifu uo huo, na ilipofika alasiri geti letu lilikuwa limeiva masizi kama sufuria ya githeri ya harusini.

Hesabu haikuwa na ila. Orodha ile ilizaliwa kwa ndoa ya orodha mbili: kijivu cha kawaida, chenye kipimo cha weupe cha 128, kilitoka upande mmoja, na kilichokoza, chenye 169, kikatoka upande wa pili, kwenye mfumo wa tarakilishi uitwao X, ambako kijivu cha kawaida kilikuwa 190. Tangu ndoa hiyo, kilichokoza ni cheupe kuliko kisichokoza, na hakuna mzee aliyeitwa kusuluhisha.

Mwenye ploti alipowasili kwa ghadhabu, fundi alijitetea kisheria: “Mzee, tangu 2004, ilipoanza kutekelezwa amri ya Waziri Michuki kwamba matatu zivae ukanda wa manjano, umeona manjano mbili zilizolingana kutoka Kayole hadi mjini? Na kuna polisi aliyewahi kudai nambari?” Kisha akatwaa kisu, akaenda Donholm, akaomba ruhusa, akabandua ukoko wa rangi wa kadiri ya kucha kwenye geti lenyewe, akachanganya mpaka macho yake yakaridhika.

Geti sasa lapendeza. Lakini mwisho wa mwezi kila mpangaji alikuta kodi yake imeongezwa ada ya makopo mawili, ilhali geti ni moja. Na jambo hilo sote tulilipatia jina papo hapo, tena jina moja, bila programu.