Posa ya Tingatinga

Kwa Waheshimiwa wenye amri ya kuhamisha watu katika mwambao huu,

Baada ya salamu nyingi na taadhima inayowastahiki, twawaarifu kwamba sisi wakaazi wa nyumba zilizosalia, na wa zile zisizosalia, kuanzia Mtwapa hata ng'ambo ya Sabaki, hatujambo, isipokuwa wale wanaolala nje. Wala barua hii haikusudii kuwaudhi, kwani twajua kwa tajriba kwamba mkubwa akiudhika huja mapema zaidi.

Hatulalamikii kuhamishwa kwenyewe, jambo ambalo wazee wetu walizoeshwa kabla hamjazaliwa. Mwaka 1914, serikali ya Kiingereza ilipoilipua Kaya Fungo, kaya takatifu ya Wagiriama, kwa baruti, ikawaamuru wale waliokaa kaskazini ya Sabaki wavuke kuja kusini, ikazitia moto nyumba zao na juu ya hayo ikawatoza faini ya rupia 100,000, angalau ilijulikana dhahiri shahiri ni akina nani walioamuru, na majina ya Hobley na Champion yamo vitabuni hadi leo. Zama zenu zimetuletea hekima nyingine. Askari akiulizwa asema ametumwa. Dereva wa tingatinga asema ametumwa. Kijana mwenye nyundo, ambaye pengine ni wa mtaa wa pili, asema ametumwa na amelipwa nusu. Chifu ndiyo kwanza asikie habari. Na aliyetuma hana uso, hana jina, wala hana sahihi.

Kwa hivyo ombi letu kubwa ni hili, Waheshimiwa: tingatinga lije kwa posa. Katika mila zetu hakuna aingiaye nyumba ya watu akatoka na kilicho chao pasi na kutanguliza washenga, nasi hatuoni kwa nini chombo cha thamani kama hicho kinyimwe heshima anayopewa kila kijana wa Shela na wa Takaungu. Waje wazee watatu wenye kanzu safi, baada ya alasiri wala si alfajiri, wapige hodi, wakaribishwe kwa kahawa na tende, kisha wautaje ukoo wa mposaji: ni tingatinga la nani, lilipatikana kwa zabuni gani, lina tabia gani likishiba dizeli, na huko lilikokwisha kuoa liliwaacha wakwe zake katika hali gani. Barua ya posa iandikwe kwa Kiswahili fasaha, nasi tupewe miezi mitatu ya kupeleleza na kushauriana, maana hakuna mzazi mwenye akili atoaye jibu siku ileile. Zikubaliwe mahari, kilemba cha baba na mkaja wa mama. Na siku yenyewe ikifika, lije limevishwa koja la asmini kwenye ule mdomo wake wa chuma, limetanguliwa na tarumbeta na wanawake wa chakacha, nyuma yake askari waliobandika majina yao kifuani, na nyuma yao afisa wa serikali aliyeshika idhini mkononi na kuisoma kwa sauti; nasi tuachiwe nafasi ya kung'oa wenyewe milango yetu, mabati yetu na makuti yetu, kabla bwana harusi hajaingia ndani.

Mkidhani twafanya mzaha, ifungueni sheria ya ardhi kama ilivyorekebishwa mwaka 2016. Humo mna ilani ya maandishi ya miezi mitatu. Mna wavunjaji kujitambulisha na kuonyesha idhini. Mna maafisa wa serikali kuhudhuria. Na mna haki ya mwenye nyumba kutangulia kuivunja kwa mkono wake akaokoa vitu vyake. Mila hiyo ilitungwa na Bunge. Sisi tumeongeza asmini tu.

Maombi mengine ni madogo. Ile alama nyekundu ya X ya nyumba ya kuvunjwa ipakwe na mtu aliyesoma kidogo, kwani pengine hukaa ukutani miaka. Makaburi yapewe ilani yao mbali. Na mikutano ya kampeni ya kuahidi hati miliki ifanywe palepale penye kifusi, ili mgombea apate mahali pa kusimama juu.

Mwatuita wavamizi. Utumwa ulifutwa katika mwambao huu mwaka 1907. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya hati za ardhi, wenye makarani na mawakili wakaandikiwa mashamba, lisilodaiwa likawa mali ya Mfalme wa Uingereza, na yule aliyelilima kwa jasho lake hakuandikwa popote. Wazao wake ndio hao maskwota wenu. Pamoja nao wamo Wabajuni ambao vita vya Shifta, katika miaka ya sitini, viliwatoa vijijini mwao upande wa bara ya Lamu, wengine wakaja Malindi na Mombasa, wakajenga juu ya kiwanja cha mtu na kulipa ijara, nyumba ikawa yao na ardhi isiwe yao. Mtu aliyekwisha kukimbia mnamkimbiza tena, kisha mnamuuliza kwao ni wapi! Hii ni dhuluma. Mama anafukua sufuria kwenye vumbi, mtoto anatafuta daftari, na mtu mzima mwenye sare amesimama anacheka. Mwalipwa kwa kodi ya nani?

Tuwieni radhi, Waheshimiwa. Kupaza sauti katika mazungumzo ya posa si adabu.

Mtatuambia twende mahakamani, nasi twaiheshimu mahakama. Watu wa kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson kule Nairobi, walishtaki, wakavunjiwa Novemba 2011 ilhali amri ya kuzuia imekwisha tolewa, na tarehe 11 Januari 2021 Mahakama ya Juu ikatamka kwamba maskini waliojijengea maskani katika ardhi ya umma hawapati milki, lakini wapata haki ya makao inayostahiki kulindwa. Kauli hiyo ni ya insafu na twaishukuru. Ilitafutwa kwa zaidi ya miaka 9, na kijiji kilikuwa kimeondoka kwa siku moja.

Basi twawangoja washenga. Kahawa ipo. Waje mchana, waje na barua, na chini ya barua pawe na jina la mtu aliyewatuma.

Ni sisi,
wenye nyumba zisizo na viwanja,
Malindi na Kilifi