Huyu Desktop ni Nani?

Watu wa Machakos tumezoea kupitwa. Mji wetu ulikuwa makao ya utawala wa Waingereza wakati Nairobi ingali kinamasi, lakini reli ya kutoka Mombasa ikakata kupitia Athi River, ikafika Nairobi mwaka 1899, na ofisi za serikali zikahama kuifuata mwaka huohuo. Mtu wa huku akiambiwa kitu kiko njiani kinakuja, hashangilii mpaka akishike. Kwa hiyo shangazi aliponiambia, "Nirushie hiyo video ya ntheo kwa simu, kisha nishike matatu ya kwenda Wote," nilimjibu, "Tutaona, shangazi," nikawasha kompyuta.

Video yenyewe ilikuwa ya ntheo, shughuli ya posa ya Kikamba, siku ile wazee wa upande wa kijana walipoleta mbuzi kwa ajili ya binti wa shangazi. Binamu aliipiga kwa kamera ya maana, mimi nikaikatakata, na bado ikabaki na GB 1.5. Sehemu kubwa ya hizo ni mali ya mjomba, aliyepewa nafasi ya kukaribisha wageni kwa kifupi akaanza na ukame wa 1984.

Kompyuta ilikuwa juu ya meza. Simu ya shangazi ilikuwa juu ya meza hiyohiyo. Katikati yao palikuwa na chupa ya chai na sahani ya mandazi. Mtoto mchanga angeweza kukivuka kile kipande cha meza kwa kutambaa, lakini video haina magoti.

Tukaanza na Bluetooth, kwa sababu ndiyo inayojulikana na kila mtu mwenye simu. Ilianza kubuniwa na wahandisi wa Ericsson huko Sweden mwaka 1994, lengo likiwa kuondoa waya kati ya simu na vifaa vyake. Kwa sauti ya kwenye sikio inatosha kabisa. Kwa hotuba ya mjomba ni mateso. Hata mambo yakienda vizuri, Bluetooth ya kawaida hupitisha kama robo ya megabaiti kwa sekunde, kwa hiyo GB 1.5 zingetaka karibu saa moja na dakika arobaini. Nikamwambia shangazi. Hakushtuka. Matatu ya Wote haiondoki mpaka ijae, akasema, kwa hivyo muda tunao.

Vifaa viwili vya Bluetooth havizungumzi hivihivi. Kwanza kimoja kinabisha hodi, cha pili kinaitika, halafu vyote viwili vinaonyesha tarakimu sita zilezile na kila upande lazima ukubali kwamba ndizo. Ni ntheo tupu: wageni wanajitambulisha, wenyeji wanawatazama, na bila ya wenyeji kusema ndiyo, mbuzi wanarudi na wenyewe. Sijui kwa nini shangazi, aliyesimamia shughuli kama hizo maisha yake yote, ndiye aliyekwama hapo.

"Kuna mtu anaitwa Desktop," alisema, akiisogeza simu mbali na uso ili aone vizuri. "Desktop, kistari, saba, K, mbili. Anataka kuungana na mimi. Huyu Desktop ni nani?"

"Ni mimi, shangazi. Ni kompyuta yangu."

"Wewe hatukukuita hivyo."

Akabonyeza Kataa. Nikatuma tena, akakataa tena, safari hii kwa kidole kikali zaidi. Usimlaumu. Shangazi amekuwa akitumia M-Pesa karibu tangu ilipoanza mwaka 2007, na katika miaka hiyo amepokea jumbe nyingi za watu waliomtumia pesa "kimakosa", za bahati nasibu asizocheza, na moja ya mtoto asiye wake aliyelazwa hospitali asiyoijua. Amenusurika kwa kanuni moja tu: usiyemjua, mkatae. Pia ndiye aliyeniuliza swali ambalo mpaka leo linanisumbua. Mbona pesa za kilo ya mbuzi anazituma kutoka Wote na zinafika Machakos kabla hajairudisha simu kwenye mkoba, na picha za mbuzi huyohuyo haziwezi kuvuka meza? Nikamweleza kwamba pesa haisafiri, ni tarakimu tu zinapunguzwa kwenye akaunti hii na kuongezwa kwenye ile, ujumbe mdogo kuliko picha moja ya pembe. Akanitazama kama ninayetetea jamaa yangu.

Dawa ikawa kuibadilisha kompyuta jina. Nikaiita "Mtoto wa Kaka". Kompyuta ikasema sawa, lakini lazima nizime na kuwasha. Ilipozima ikakumbuka kwamba ina masasisho ya kusakinisha, ikatuandikia tusiizime, ikakaa kwenye asilimia 30 hadi mandazi yakaisha.

Ilipoamka, shangazi alikuwa kwenye roshani na simu yake, akizungumza na mtu kuhusu mahindi, na mjomba, ambaye alikuja kumsindikiza, alikuwa amesimama kwenye mlango wa roshani hiyo. Mjomba ana mwili. Na mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji, wakati mawimbi ya Bluetooth yapo kwenye gigahezi 2.4, masafa yaleyale yanayotumiwa na oveni za mikrowevu, ambayo maji huyameza bila shida. Bluetooth ya simu ni dhaifu mno kumpasha mtu moto, lakini mtu mzima aliyejaa mlango anatosha kuipunguza nguvu. Shangazi alikuwa amemkubali Mtoto wa Kaka, mwanzo wa video ukaanza kwenda, mstari ukasogea kidogo, ukasimama. Sasa mwambie mkubwa wako kwamba yeye ni kizuizi cha mawimbi. Nilimwomba aje aketi, chai inapoa.

Nikaona heri nihakikishe kwamba faili haijaharibika, nikaifungua. Picha ikaja, sauti haikuja. Nikaongeza. Bado kimya. Ndipo kutoka chini, kwenye hoteli ya nyama choma tunayokaa juu yake, ikapanda sauti nzito: "...na mwaka huo wa 1984, wageni wetu, hata nyuki walihama!"

Vijana wa nyumba hii waliwahi kuunganisha kompyuta na spika ya pale chini usiku wa mwaka mpya. Spika za aina hii hazisahau. Zikiwashwa tu, hutafuta kifaa zinachokikumbuka na kujiunga nacho bila kumuuliza mtu. Simu ya shangazi ilitaka utambulisho, vikao na tarakimu sita. Spika ya watu wengine ilikuja yenyewe. Kule chini wateja walinyamaza, kisha mmoja akaitikia, "Kweli kabisa, mzee!" Nilikimbilia kuzima, lakini mjomba akaninyooshea mkono nisubiri. Alikwenda dirishani, akasikiliza aya nzima ya njaa, akasema sauti imetoka vizuri.

Kilichotuokoa ni Wi-Fi. Siyo intaneti, na hapa ndipo ugomvi mpya ulipozuka. Programu za kurushiana faili, kama Xender au Quick Share, huviunganisha vifaa viwili moja kwa moja kwa Wi-Fi, na faili haitoki nje ya nyumba. Mwendo wake ni wa megabaiti kadhaa kwa sekunde, mara nyingi hata makumi. Nilipomwomba shangazi awashe hotspot, alifunika simu kwa viganja. "Bando langu hulimalizi leo." Nikamwapia kwamba haliguswi. Nikazima data yake mbele ya macho yake. Kinyume chake, nikamwambia, tungeipitisha WhatsApp ndiyo ingelimaliza, maana faili ingetoka Machakos, ipande mpaka kwenye mitambo ya kampuni ng'ambo, irudi Machakos, na sisi tulipie kwenda na kurudi. Akakubali kwa masharti, mojawapo likiwa mimi kumnunulia bando likipungua.

Simu ikakataa, nafasi haitoshi. Tukafuta picha za maua zenye maneno "Asubuhi njema na Mungu akubariki", ambazo shangazi alizitetea moja moja kwa kutaja aliyemtumia. Akaniruhusu zile za watu aliogombana nao, na hizo zilitosha.

Video ikaingia kwa muda mfupi kuliko niliotumia kumbembeleza. "Imefika," nikasema.

"Imefika wapi? Mimi sioni kitu WhatsApp."

Tukaitafuta kwenye folda ya vilivyopakuliwa, ikapatikana kati ya risiti ya umeme na fomu ya chama. Simu ilikuwa imepata moto sawasawa. Wazee wetu husimulia kwamba Syokimau, nabii wa Wakamba, aliona zamani nyoka mrefu atakayekuja kutoka baharini, na watu watakaotembea na moto mifukoni. Nyoka wanasema ni reli, na kituo cha treni kinachoitwa kwa jina lake kilifunguliwa mwaka 2012. Moto wa mifukoni hufasiriwa kuwa viberiti. Shangazi alipoitia ile simu mkobani akiipepea kwanza, niliona wafasiri waliharakisha.

Matatu ilikuwa bado haijajaa.

Limebaki jambo moja dogo, nawaomba majirani wa mtaa wa Mwatu wa Ngoma mnisikilize. Kompyuta bado inaitwa Mtoto wa Kaka, na kwenye orodha yake ya Bluetooth simu za mtaani zenye jina linalofanana na la simu ya shangazi ni nyingi, na kidole changu huteleza. Ukiona Mtoto wa Kaka anataka kukutumia GB 1.5, bonyeza Kataa. Ukikubali, usiniletee malalamiko: ukame unaanza dakika ya tatu.